Kocha Aliyepanda Ngazi Zote Tatu

Wandugu wanafunzi, wengi wetu hatujaona bado watu wakicheza hoki juu ya barafu. Huko Kanada mchezo huo unapendwa sawa vile sisi tunapenda mpira wa miguu. Kila ekipe inatia watu sita kiwanjani, golikipa ni mmoja wao. Wanavaa viatu vyenye chuma kikali chini yake, na kwa fimbo wanasukuma kisahani kigumu cha kauchu. Ligi ziko kama ngazi: chini ECHL, katikati AHL, na juu kabisa NHL.

Tuangalie maisha ya Jared Bednar, aliyezaliwa mwaka 1972 kule Yorkton, inchi ya Kanada. Alikuwa beki. Tangu 1993 mpaka 2002 alicheza kwa mshahara, lakini katika NHL hakucheza hata mechi moja. Alihamahama: Huntington, South Carolina, St. John's, Rochester, Grand Rapids. Mchezaji wa namna hiyo mara nyingi anaitwa kuziba pengo la mwenzake aliyeumia. Yule akipona, yeye anafunga mizigo. Si kusema alicheza bure: pamoja na South Carolina Stingrays alipata kombe la ECHL mwaka 1997 na 2001.

Alipoacha kucheza alibaki palepale, msaidizi wa kocha kwa miaka tano. Mwaka 2007 akawa kocha mkubwa, na 2009 akapata kombe tena. Kisha akapitia Abbotsford, Peoria na Springfield, huku msaidizi, huku mkubwa. Mwaka 2016 Lake Erie Monsters walishinda kombe la AHL chini yake. Mwezi wa nane mwaka uleule Colorado Avalanche ya NHL ikamwita, kwani kocha wao Patrick Roy aliacha kazi ghafula.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mubaya kabisa. Katika mechi 82 walishinda 22 tu, wakapata pointi 48, wa mwisho kati ya ekipe 30. Lakini wakubwa hawakumfukuza. Mwaka uliofuata walipata pointi 95. Tarehe 26/6/2022 wakashinda Tampa Bay Lightning, washindi wa 2020 na 2021, wakachukua Stanley Cup. Bednar akawa kocha mkubwa wa kwanza kupata kombe katika ligi zote tatu.

Juu ya nini aliweza? Sisi tunaona hivi: mtu aliyehamahama ametii makocha wengi, na kila mahali amejifunza upya. Anajua pia moyo wa yule anayekaa kwenye benchi akingoja kuitwa.

Wandugu wa mwaka wa sita, kisha ekizameni ya Serikali wengine wetu hatutapata nafasi tuliyotaka. Bednar alikosa mlango wa wachezaji. Akaingia kwa mlango wa makocha, kisha miaka kumi na ine ya kazi.