Mashua ya Mzee Imekaa Juu Miaka Minne: Unaweza Kuitengeneza Mwenyewe?

Msikilizaji wetu mmoja wa Kimbiji alitutumia ujumbe baada ya kipindi cha asubuhi. Marehemu baba yake aliacha mashua ya mbao, na sasa ni mwaka wa nne imekaa ufukweni chini ya mkungu. Mdogo wake ameshanunua makopo mawili ya rangi, anataka waishushe kusi likitulia. Kuna mtu mwingine anayetaka kuinunua kwa bei ya kuni. Swali lake: aiuze, aipake rangi, au aitengeneze?

Tulikwenda pwani tukakaa na mafundi wa vyombo. Jibu lao ni kwamba mashua ya mbao hutengenezeka, na sehemu kubwa ya kazi mwenye chombo anaweza kuifanya kwa mikono yake. Ila rangi iwe ya mwisho. Rangi haizuii maji kuingia kwenye mwanya. Inaficha palipooza, na hapo palipofichwa ndipo huja kufunguka mkiwa mbali na nchi kavu.

Kwa nini imeharibika na haikwenda baharini?

Wengi hudhani chombo kikiwa juu kinapumzika. Kweli, funza wa baharini wanaotoboa mbao hawaishi nchi kavu. Lakini chombo kilichowekwa wazi kinapata maadui wengine wawili.

Wa kwanza ni mvua. Maji ya chumvi huchelewesha kuoza kwa mbao, ila maji ya mvua yakituama ndani ya chombo huozesha. Ndiyo maana mashua iliyokaa juu mara nyingi huoza kuanzia ndani, chini kabisa, karibu na mkuku, wakati nje inaonekana nzima.

Wa pili ni jua. Mbao zikikauka hunywea, na nyanya kati ya ubao na ubao hufunguka. Ukiona mwanga unapita, usikate tamaa. Mbao zikirudi majini zitavimba na kubana tena. Jambo hili likumbuke, tutalirudia kwenye kalafati.

Kagua kabla ya kununua chochote

Kama mashua iko chini sana, ipandishe wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Pwani hii ya Dar es Salaam, bamvua hupanda na kushuka takriban mita 3, na maji mafu takriban mita 1 tu. Maji ya bamvua yatakuchukulia nusu ya uzito. Ikishafika juu, itie gadi pande zote mbili isimame wima, ukihakikisha uzito umekaa kwenye mkuku.

Toa mchanga na takataka zote ndani, kisha chukua kisu chembamba na nyundo ndogo. Gonga ubao mmoja mmoja. Mbao nzima hutoa sauti kavu, na iliyooza hutoa sauti nzito isiyolia. Penye shaka, choma kwa ncha ya kisu. Kikizama kirahisi, weka alama ya chokaa au mkaa.

Angalia hasa sehemu nne: mkuku, mahali mataruma yanapokaa juu ya mkuku, fashini kule nyuma, na kila kichwa cha msumari. Doa jeusi au jekundu kuzunguka msumari maana yake chuma kinaliwa ndani ya mbao.

Ukimaliza, hesabu alama zako. Zikiwa kwenye mbao za ubavuni na taruma moja au mawili, kazi hiyo unaiweza. Mkuku au fashini ikiwa imeoza, mwite fundi kabla hujang'oa hata msumari mmoja. Hapo ndipo chombo kizima kinapojishikiza, na ukikosea kitapinda.

Mbao na misumari

Ng'oa ubao uliooza mpaka ufike kwenye mbao nzima, usikate pale alama ilipoishia tu. Ncha ya ubao mpya ikae juu ya taruma ipate pa kushikwa, na viungo vya mbao zinazopakana visipangane mahali pamoja.

Mbao kama mvule hustahimili maji. Kwa taruma, tafuta tawi lililopinda lenyewe, kwa sababu ubao ulionyooka ukikatwa kwa msumeno upate tao hupasuka pale nyuzi zake zilipokatika. Usikate mikoko wala mti wa msituni bila kibali. Waulize kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) au serikali ya kijiji.

Misumari ya kawaida ya nyumba hailiwezi bahari. Tumia iliyopakwa zinki. Toboa tundu kwanza kwa keekee, tundu liwe jembamba kuliko msumari, ubao usipasuke. Kabla ya pigo la mwisho, zungushia pamba iliyolowa mafuta chini ya kichwa cha msumari ili maji yasifuate chuma.

Kalafati: hapa ndipo wengi hukosea

Kalafati ni kuziba mianya kwa nyuzi za pamba. Toa ile ya zamani yote, safisha mwanya, kisha sokota pamba mpya na uiloweshe mafuta ya sifa au ya nazi. Isukume ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti, tabaka juu ya tabaka.

Kosa kubwa ni kushindilia pamba nyingi wakati mbao zimekauka. Mashua ikirudi majini, mbao zitavimba, zitakosa nafasi, na zitajisukuma mpaka misumari itoke kwenye mataruma. Kwa hiyo imwagie maji ya bahari asubuhi na jioni kwa siku kadhaa na uifunike kwa magunia mabichi. Mianya ikishapungua, ndipo uanze kuziba.

Chini, sehemu inayokaa majini, pakaa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Hii husaidia kuzuia funza. Wazee wetu pia huchoma tumbo la chombo kwa moto mwepesi wa makuti makavu kabla ya kupaka. Ukifanya hivyo, fanya siku isiyo na upepo, ndoo za maji zikiwa karibu, na mafuta yakiwa mbali. Rangi uliyonunua sasa ina kazi: ipake juu ya mkondo wa maji, kwenye mbao kavu.

Ijaribu kabla haijakujaribu

Ikiwa bado juu, mwaga ndoo chache za maji ndani na utazame yanapodondokea nje. Ziba hapo. Kisha ishushe, uifunge kwenye maji mafupi, uiache siku mbili au tatu. Siku ya kwanza itavuja na mtafua maji sana. Ikiwa siku ya tatu maji yamepungua, mbao zimebana. Yakiwa yale yale au yameongezeka, irudishe juu.

Usipeleke watu kuvua kabla chombo hakijakaguliwa. Usalama wa vyombo vidogo husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na leseni ya uvuvi huombwa kwa maofisa uvuvi wa halmashauri, kwa Kimbiji ni Manispaa ya Kigamboni. Jaketi okozi liwepo kwa kila atakayepanda. Na kila kabla ya kutoka, sikiliza utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA).

Tulimrudishia msikilizaji wetu jibu hili: asiuze kwa bei ya kuni kabla hajagonga mkuku. Mkuku ukiwa mzima, mashua ya mzee ina safari nyingine. Mkuku ukiwa umeoza na gharama ya fundi ikizidi uwezo wenu, kuiuza mbao si aibu kwa marehemu. Aibu ni kuwapandisha watoto wake kwenye chombo kilichopakwa rangi tu.