Songea: Chuma kilikuwepo, farasi hakuwepo

MTU anayetafuta fundi wa kupigilia viatu vya farasi mkoani Ruvuma atapoteza nauli yake. Fundi viatu vya watu hatafutwi mbali: yuko kando ya stendi na sokoni, na msharasi wake, uzi na kopo la gundi. Kwa mwenye mtaji anayefikiria kuingia katika biashara ya viatu, tofauti hiyo ina somo.

Sababu si uhaba wa chuma wala wa ujuzi. Majirani wa Ludewa, Wapangwa, waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe na mikuki kabla jembe la Ulaya halijafika sokoni. Kilichokosekana ni mnyama. Mbung'o wa misitu ya kusini hueneza ugonjwa wa nagana, na farasi hauhimili. Ulaya mhunzi aliishi kwa sababu farasi wa mkokoteni huhitaji kukatwa kwato na kupigiliwa viatu upya kila baada ya wiki chache. Songea mhunzi huyo angekaa bila mteja.

Mzigo ulikwenda kichwani. Misafara kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa ilitembea kwa miguu. Kwa Wangoni, ngozi ya ng'ombe ilikuwa ngao. Wajerumani walioweka boma Songea mwaka 1897 nao walitegemea wapagazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Waingereza, yaliyoingia Songea Septemba 1916, yalileta Afrika Mashariki farasi na nyumbu kwa maelfu. Wengi walikufa kwa maradhi. Wapagazi ndio waliobeba vita hadi mwisho, na wengi wao hawakurudi makwao.

Lori ndilo lililobadili hesabu. Tairi lililochakaa likawa malighafi. Fundi hukata soli kwenye tairi, mikanda huitoa kwenye ubavu au kwenye mpira wa ndani, kisha hupigilia misumari midogo. Hiyo ndiyo katambuga. Hudumu shambani na kwenye matope, na mashine haihitajiki. Tairi lenye nyuzi za nailoni ndilo linalopendwa; lenye nyaya za chuma humaliza visu. Barabara ya lami ya Makambako-Songea, iliyojengwa miaka ya 1980, iliongeza magari, na pamoja nayo bidhaa kutoka nje ya mkoa.

Wakati huo viwanda vikubwa vilikuwa na hadithi nyingine. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 Serikali ilichukua hisa nyingi katika kampuni ya Bata, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Bora. Miaka ya 1970 ukaanza mradi wa kiwanda cha viatu Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilipangwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya. Soko la Ulaya halikupatikana, mitambo ikakosa vipuri na ngozi nzuri, na uzalishaji haukufikia hata asilimia 10 ya uwezo. Mwaka 1990 kilifungwa. Deni lilibaki kwa taifa.

Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, mitumba iliingia na kujaza pengo. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kupunguza nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua, lakini Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya ushuru, Tanzania ililegeza msimamo.

Fundi wa Songea amepita katika yote hayo kwa sababu kila kiatu, kiwe kipya au cha mtumba, siku moja huachia soli. Mitumba iliyomuumiza mtengenezaji ilimletea mrekebishaji kazi. Gharama zake ni gundi, uzi, misumari na vipande vya soli, na fedha yake hairundikani stoo.

Kwa anayetaka kupanda ngazi, kutoka kurekebisha hadi kutengeneza, mambo matatu yapimwe kwanza. La kwanza ni msimu. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, kahawa na korosho. Mnunuzi huwa na fedha baada ya mavuno, na viatu vyeusi vya shule hutafutwa Januari shule zinapofunguliwa. Mwenye kutengeneza Februari amechelewa.

La pili ni ngozi. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, lakini ngozi nyingi huharibika kwa chapa za moto, visu vya machinjioni na ukaushaji mbaya. Kabla ya kuagiza mashine, ijulikane ngozi iliyosindikwa itatoka wapi, kwa bei gani, na nauli yake hadi Songea.

La tatu ni mteja. Wapangwa walikuwa na chuma, Morogoro ilikuwa na mitambo ya kisasa, na vyote havikutengeneza soko. Jozi 20 zilizoagizwa na wazazi wa shule moja, kwa malipo ya awali, ni mwanzo salama kuliko jozi 500 zilizopangwa kwenye rafu zikingoja bahati.