Mtutu Mpya, Risasi Mpya

Hapa kwetu uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, lakini Marekani watu wengi bado huwinda. Huko, mwenye bunduki ya komeo ya bei nafuu akitaka risasi ya aina nyingine, anaweza kubadilisha mtutu tu badala ya kununua bunduki mpya.

Je, mtutu wowote utafaa? La hasha! Kwanza, kitako cha ganda la risasi lazima kikae sawasawa kwenye komeo. Risasi ya .308 Winchester (1952) na .243 Winchester (1955) zina kitako sawa, milimita 12 hivi, kwani ya pili ni ganda la ya kwanza lililobanwa shingo. Hapo mtutu pekee unatosha. Kitako cha .223 ni chembamba zaidi, kwa hivyo kichwa cha komeo nacho kibadilishwe.

Bunduki ya Savage 110, iliyotoka mwaka wa 1958, mtutu wake hushikwa na nati. Fundi hulegeza nati, hufunga mtutu mpya, kisha hupima kwa vipande viwili vya chuma. Komeo lifunge kwa kipande cha kwanza, likatae kwa cha pili. Hapo ndipo penye kazi! Nafasi ikizidi, ganda hupasuka na moshi wa baruti humrudia mpigaji usoni.

Mwisho, jina la risasi mpya lichongwe juu ya mtutu, asije mwingine akatia isiyofaa.