Laiki ya huruma inaweza kukausha shamba la mtu

Umewahi kumbonyezea mtu laiki kwa sababu tu ni mgeni na hakuna aliyemjali? Wengi wetu tumefanya hivyo. Ni roho nzuri, lakini hebu tuitazame.

Chukulia uko Sigowet, kaunti ya Kericho, na kwenye kundi la wakulima mtandaoni mama mmoja ameuliza: majani chai yangu yamegeuka manjano, nifanyeje? Wa kwanza kumjibu ni kijana aliyejiunga juzi. Anamwambia amwage majivu ya jikoni kwenye mashina. Ameandika kwa adabu, hana laiki hata moja. Unamwonea huruma, unabonyeza. Mwingine anafuata. Kufikia asubuhi jibu hilo liko juu ya mengine yote.

Sasa, mchai hupenda udongo wenye asidi, na majivu huiondoa asidi hiyo. Wazee waliolima chai Kericho wanajua: penye boma la zamani au palipochomwa makaa, michai hugeuka manjano, mingine hukauka kabisa. Na mchai si sukuma wiki, eti utapanda mwingine mwezi ujao. Unangojewa miaka kadhaa ndipo uchumwe vizuri. Ukiua mistari miwili, umegusa karo ya watoto wa mtu.

Kwa hivyo laiki kwenye jibu si salamu. Ni ushahidi. Unamwambia msomaji usiyemjua kwamba jibu hili umelipima na linafaa. Kama hujui, acha kidole kipumzike. Kama ulishabonyeza, bonyeza tena iondoke.

Je, mgeni apuuzwe? Hapana, na hilo pia limeshaleta shida kwingine. Stack Overflow, mtandao wa maswali na majibu ya watengenezaji programu ulioanza 2008, uliweka sheria kwamba huwezi kupigia chapisho kura ya kulipandisha mpaka ufikishe pointi 15. Kura moja unayopewa wewe ni pointi 10, kwa hivyo kura mbili tu zilitosha kumfungulia mgeni mlango. Lakini mwaka 2018 wasimamizi wenyewe walikiri kwamba watu wengi, hasa wageni na wanawake, waliona hapo ni mahali pa ukali. Mwaka huohuo wakaanza kuweka alama kwenye machapisho ya wageni ili watu wawaendee pole pole. Mwaka 2019 wakapandisha kura ya swali kutoka pointi 5 hadi 10, sawa na ya jibu.

Hiyo ya mwisho ndiyo naipenda. Ukarimu wako upeleke kwenye swali. Yule mama alipata laiki ngapi? Pengine sufuri, ilhali wenye shida kama yake ni wengi na wanasoma kimya kimya. Swali zuri haliui mchai.

Kijana naye mwandikie, palepale mama aone: “Chamgei ndugu, karibu. Majivu ulitumia kwa zao gani?” Huenda anatoka kule chini Soin, kwenye mahindi, na huko yalimsaidia kweli. Usimcheke. Mwambie chai ni tofauti, na mama apime udongo kwanza. Watafiti wa chai wa KALRO wako hapohapo Kericho. Akirudi akarekebisha jibu lake, hapo mbonyezee bila kusita.