Meno ya mtoto yakipinda, anza na daktari aliye karibu

MZAZI wa Kerugoya anapoona meno ya mwanawe yanaota yakipishana, huenda akadhani kuwa msaada uko Nairobi pekee, zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani. Hata hivyo, hatua ya kwanza inaweza kuchukuliwa karibu, katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini humo au kwa daktari wa meno wa kibinafsi mwenye leseni.

Wakati ndio jambo la kuzingatiwa zaidi. Mtoto huwa na meno 20 ya utotoni, na kila moja hulinda nafasi ya jino la kudumu litakalofuata. Gego la utotoni likioza na kung'olewa mapema, meno ya jirani husogea na kuziba pengo hilo. Jino la kudumu linapofika hukosa nafasi, likaota upande.

Aidha, gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa karibu miaka sita, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hulidhania kuwa la utotoni na kuliacha lioze.

Kasoro zinazoonekana mara nyingi ni meno kusongamana, meno ya juu kuchomoza mbele, taya la chini kuzidi la juu na meno ya mbele kutokutana mtoto anapouma. Baadhi hurithiwa. Nyingine husababishwa na kunyonya kidole kwa miaka mingi.

Si kila pengo linahitaji tiba. Mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu katika umri wa miaka minane au tisa mara nyingi hupungua chonge zinapoota, kati ya miaka 11 na 12. Lakini meno yaliyosongamana ni vigumu kusafishwa, na yaliyochomoza huvunjika kwa urahisi mtoto aangukapo.

Kwa sababu hiyo, inafaa mtoto apimwe kufikia umri wa miaka saba. Daktari wa kawaida wa meno anaweza kuziba jino lililooza, kuweka kifaa cha kulinda nafasi, au kumwelekeza mgonjwa kwa mtaalamu wa kunyoosha meno. Wataalamu hao ni wachache nchini. Chuo Kikuu cha Nairobi, kinachofunza madaktari wa meno, pia hutibu wananchi.

Nyaya za kunyoosha meno huyasukuma polepole huku mfupa wa taya ukijijenga upya. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili, na mgonjwa hurudi kliniki kila baada ya wiki chache. Mzazi hana budi kujumlisha nauli za safari hizo na gharama ya kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikokuwa.

Kabla ya kulipa chochote, mzazi aulize leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini. Nyaya zinazobandikwa kwa ajili ya urembo na mtu asiyesomea kazi hiyo zaweza kulegeza meno yaliyokuwa imara, na jino la kudumu likishang'oka halioti tena.