Kocha Hujuaje Mkimbiaji Amelewa Tizi? Anamnyima Tu Siku Moja

Kama huwa unaamka mapema hapa Taveta, unamjua yule msee. Saa kumi na moja asubuhi yuko barabara ya Chala, yeye na vumbi. Jioni ukitoka soko unampata tena, joto lote hilo. Sisi tunampigia saluti. (Mimi ukiniona nakimbia, jua mvua imenipata njiani.) Lakini kocha mzoefu akimcheki, anajiuliza kitu kingine: huyu nikimpa siku ya kupumzika, atafanya nini?

Mwanariadha mwenye nidhamu atalala, atakula ugali, atacheki mpira. Aliyelewa tizi anakasirikia kila mtu, usingizi unakataa, halafu anatoroka kupiga kilomita kumi mafichoni. Hiyo siri ndiyo kocha huwinda. Asubuhi ulipewa mwendo mpole, mbona jioni miguu imeisha? Mbona unafanya mingi na muda unazidi kuwa mbovu? Goti linauma, lakini kocha akitokea unaacha kuchechemea. Kwa mamanzi, hedhi ikikatika miezi kadhaa, usidhani ndiyo kuwa fiti. Mara nyingi chakula hakitoshi kazi unayoupa mwili, na mifupa ndiyo hulipa.

Noma ni kwamba uraibu huu huvaa jezi ya bidii. Ukizidisha pombe, mtaa mzima utakusema. Ukizidisha tizi, unapigiwa makofi.

Sasa cheki Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42 kwa saa 1:59:40 kule Vienna 2019. Kocha wake wa miaka mingi ni Patrick Sang, mshindi wa fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Olimpiki ya Barcelona 1992. Kipchoge amesema mazoezini hajisukumi mpaka mwisho, hukaa karibu asilimia 80. Akimaliza marathoni, anapumzika wiki kadhaa kwanza. Huyo ndiye bingwa, na wewe unaona aibu kulala Jumapili?

Nina beshte alikimbia na ufa kwa mfupa wa mguu, daktari akamwambia asimame. Kocha wake hakumpigia kelele. Alichukua viatu Ijumaa, akamwambia avifuate Jumatatu, wakae chini waongee.

Jumamosi alfajiri jamaa alionekana barabara ya Chala, anakimbia na akala za babake.