Dokta wa mtaa halali usiku

Wiki hii tuweke kando habari za mapenzi na mitindo ya nywele. Nina la mshikaji wangu wa hapa Bagamoyo, anayesomea udaktari Dar. Jina lake nabaki nalo mwenyewe.

Mtaani hana jina tena, ni "Dokta" tu. Akishuka kwenye basi, hata begi hajatua, bibi anamwonyesha goti, mjomba anataka kupimwa presha, na mama anatembea kifua mbele mpaka soko la samaki.

Basi bwana, mwaka jana kaja likizo, kakonda ile mbaya. Chipsi hali, pweza hali, mpira haangalii. Usiku wa manane namkuta barazani peke yake. Nikamtania: "Vipi Dokta, demu kakupiga kibuti?" Hakucheka. "Mwanangu," akasema, "natamani nilale nisiamke."

Utani ukaniishia hapo hapo.

Kumbe jamaa alikuwa na sapu mbili za mwaka wa pili, akizifeli anadisko. Kwa tuliokomea fomu foo, kudisko siyo kule Bilicanas ya zamani, ni kuondolewa chuo. Udaktari ni miaka 5 ya darasani na wodini, halafu mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo. Mwaka wa kwanza tu unakabidhiwa maiti ujifunzie. Ukifika wodini, mgonjwa uliyepiga naye stori jana, leo kitanda chake kitupu. Hakuna anayekuuliza umelalaje.

Na siyo yeye peke yake. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha hesabu za tafiti kutoka nchi 47: wanafunzi wa udaktari 27 katika kila 100 walikuwa na dalili za sonona, na 11 walikuwa na mawazo ya kujiua. Kati ya waliokutwa na sonona, karibu 16 tu katika 100 ndio waliokwenda kutibiwa.

Hapo ndipo nilipochoka. Wanaosomea tiba wanaogopa tiba? Si mnalala jirani na hospitali? Akanijibu: "Nikiingia kliniki ya akili, aliyeshika faili ni mwanafunzi mwenzangu, na bosi wake ndiye anayenisahihishia mtihani. Jumatatu darasa zima litaniita Mirembe."

Nikakosa la kusema. Mirembe ya Dodoma ni hospitali ya watu, lakini sisi tumeigeuza tusi tangu tukiwa shule ya msingi. Na sheria nayo haisaidii: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Nani atafungua mdomo?

Shangazi yake alishasema mtoto kachezewa, na mtaalamu alishapatikana. Mimi nikang'ang'ania hospitali, ila ya mbali na chuo chake. Tukapanda basi wote, nikakaa kwenye benchi la nje saa mbili nzima. Akaambiwa ni sonona, inatibika: mazungumzo, vidonge na usingizi.

Sapu kapita zote, moja kwa mbinde. Sasa yuko mwaka wa tatu. Vidonge bado anavificha kwenye kopo la maziwa ya unga, mama asivione.

Juzi kaja tena. Bibi akatoa goti kama kawaida.

"Bibi, leo niache kwanza nile."

Bibi akamtazama, akajifunga kanga vizuri, akaenda kumpakulia wali.